Mashine ya Sloti Sebuleni: Sheria, Ufundi na Hoja za Wanaozitunza

Mtu anayeishi Los Angeles au Las Vegas akipitia matangazo ya vitu vya mtumba, hachelewi kukutana na kabati zito lenye kioo, vitufe na tundu la sarafu. Ni mashine ya sloti ya video, imetoka kasino, na inauzwa "kwa matumizi ya nyumbani". Akimtumia picha ndugu yake aliyeko Mwanza au Kisumu, jibu la kwanza linatabirika: hilo si dubwi hilo? Si utakamatwa? Muuzaji anasema hakuna tabu, hicho ni kitu cha kale. Fundi anasema usiguse, ndani mna umeme wa kuua. Shehe au mchungaji naye ana jibu lake, na halihusu umeme.

Majibu yote manne yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana mkanganyiko hauishi. Maswali matatu yamefungwa kwenye furushi moja: kuimiliki ni halali? Inatengenezeka? Na kuwa nayo nyumbani kunafaa? Anayejibu moja hudhani amejibu yote. Inafaa kuyafungua moja moja. Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba ugumu mkubwa hauko kwenye sheria kama wengi wanavyodhani. Uko kwenye umbile la mashine yenyewe, kwa sababu sehemu zinazoifanya iwe mashine ya video ndizo zinazokufa zenyewe hata zisipoguswa.

Zilivyotoka kasino zikafika majumbani

Mashine ya kwanza iliyopata umaarufu ilitengenezwa San Francisco mwishoni mwa karne ya 19 na Charles Fey, fundi aliyezaliwa Bavaria. Ilikuwa na magurudumu matatu, springi na mkono wa kuvuta, ikaitwa Liberty Bell. Kwa zaidi ya nusu karne kila kitu kiliendeshwa na meno ya chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bally ilileta Money Honey, iliyotumia umeme na hopa, yaani chombo cha ndani kinachohifadhi sarafu na kuzimwaga zenyewe. Iliweza kulipa mpaka sarafu 500 bila mhudumu kuitwa.

Video ilikuja mwaka 1976. Kampuni ya Fortune Coin ilichukua runinga ya Sony Trinitron ya inchi 19, ikaifunga kwenye kabati na kuijaribisha katika hoteli ya Las Vegas Hilton. Mamlaka za Nevada ziliikubali baada ya kuongezewa kinga dhidi ya udanganyifu. Wachezaji hawakuipokea kwa shangwe. Mtu aliyezoea kuona gurudumu la kweli likizunguka na kusimama hakuona kwa nini aamini picha ya gurudumu. Fortune Coin ikanunuliwa mwaka 1978 na kampuni ya Si Redd, mfanyabiashara aliyekuwa amefanya kazi na Bally. Kampuni hiyo ndiyo baadaye iliyojulikana kwa jina la IGT. Mwaka 1979 Redd alitoa Draw Poker, na hapo shaka ya wachezaji ikapungua: karata zilionekana wazi, na mchezaji mwenyewe alichagua za kubaki nazo na za kutupa. Video ilikubalika kwa kupitia karata, na sloti za magurudumu ya picha zilichelewa kushika Marekani mpaka miaka ya 1990, wakati mchezo kama Reel 'Em In wa kampuni ya WMS ulipoleta skrini ya pili yenye zawadi za ziada.

Zikaja kwa wingi. Player's Edge Plus ya IGT ilijaa kumbi za Nevada tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na Game King ikafuata katika miaka ya 1990. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kasino zikaanza kuacha sarafu na kulipa kwa tiketi za karatasi zenye msimbo. Mabadiliko hayo yaliokoa kazi ya kuhesabu, kubeba na kuosha sarafu, lakini pia yaligeuza maelfu ya mashine nzima kuwa mzigo wa kuondolewa. Hiki ndicho chanzo kikuu cha mashine zilizomo majumbani leo. Zimestaafishwa kwa sababu biashara ilibadili njia ya kulipa, na nyingi zilikuwa bado zinafanya kazi siku zilipotolewa ukumbini.

Sheria inahesabu umri

Marekani hakuna jibu moja. Kila jimbo lina lake, na majimbo yanatofautiana kwa jambo ambalo wauzaji hulipita haraka: namna ya kupima ukale.

California humlinda mmiliki wa mashine iliyozidi miaka 25, mradi haitumiki kuchezea kamari. Florida inatosheka na miaka 20. Sheria za namna hii zina saa inayotembea. Mashine iliyotengenezwa 1999 haikuwa na ulinzi California mwaka 2015, leo inao, na kila mwaka kundi jipya linavuka mstari. New Jersey imefuata njia nyingine: imeweka tarehe, ikitambua kama za kale mashine zilizotengenezwa kabla ya 1941. Kwa kipimo hicho hakuna mashine ya video itakayowahi kuwa ya kale, hata ikifika miaka mia, kwa kuwa ya kwanza kabisa ni ya 1976. Hawaii imefunga mlango wote. Nevada, penye kasino kila kona, mtu binafsi anaweza kuwa nayo kwa starehe yake.

Ukizisoma sheria hizi utaona zilikuwa na nini akilini. Nyingi ziliandikwa kuwalinda wakusanyaji wa mashine za chuma, zenye mapambo na mikono ya kuvuta, ambazo zilikuwa zikivunjwa kwa nyundo na polisi. Hakuna aliyekuwa akifikiria kabati la plastiki na chipu. Mashine ya video imepenya kupitia mlango uliofunguliwa kwa ajili ya babu yake, na ndiyo maana mijadala juu yake haina mwisho.

Juu ya sheria za majimbo kuna ya shirikisho, Sheria ya Johnson ya 1951, inayozuia kusafirisha vifaa vya kamari kutoka jimbo moja kwenda jingine isipokuwa pale jimbo linalopokea limejiondoa kwenye katazo hilo au limekihalalisha kifaa hicho. Kwa hiyo mtu anaweza kuruhusiwa kuwa na mashine na bado akawa na kesi ya namna ilivyomfikia. Na kote huko kuna mstari mmoja usiovukwa: ukialika majirani wakadondosha sarafu zao kwa matumaini ya kuondoka na zaidi, ulinzi wa ukale umekwisha papo hapo.

Upande wa Afrika Mashariki swali hili lina sura nyingine. Mashine ndogo za sarafu zilizojaa vibandani na kwenye baa, zile ambazo Tanzania huitwa dubwi, zimeifanya mashine yoyote ya sloti ionekane kuwa biashara. Sheria pia zinaiangalia hivyo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ya mwaka 2003 iliweka Bodi ya kutoa leseni na kusimamia, na ile ya Uganda ya 2016 ilipandisha umri wa kucheza hadi miaka 25. Sheria hizi zinashughulika na mwendeshaji na mchezaji, na mkusanyaji wa vitu vya kale hakuwa mtu zilizokuwa zikimlenga. Anayetaka kuweka mashine ya namna hii ndani ya kontena lake la kurudi nyumbani aiulize mamlaka husika kabla ya kupakia. Maelezo kwamba ni pambo la sebuleni hayatakuwa na uzito wowote mbele ya ofisa wa forodha aliyezoea kukamata dubwi.

Kinachooza ndani

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mashine ya Fey ikivunjika jino la gurudumu, mhunzi hodari anaweza kulichonga jingine, kwa kuwa umbo la kitu ndilo kitu chenyewe. Mashine ya video ina sehemu nne zinazoamua uhai wake, na kila moja inazeeka kwa namna yake.

Ya kwanza ni betri. Bodi nyingi za enzi hizo zina betri ndogo iliyolehemewa moja kwa moja, kazi yake kutunza kumbukumbu ya hesabu wakati umeme umezimwa. Zile za nikeli na kadimiamu huvuja zikizeeka. Kinachotoka ni aina ya magadi makali, si asidi kama watu wanavyodhani, nayo hutambaa juu ya bodi ikila njia za shaba na miguu ya chipu. Ukifungua utaona unga wa kijani na mweupe, mara nyingi umeshafika sentimita kadhaa kutoka betri ilipo. Kwa vile ni magadi, husafishwa kwanza kwa siki, kisha maji safi, kisha spiriti, na baadaye njia zilizokatika huunganishwa kwa waya mwembamba na lehemu. Uharibifu huu hutokea mashine ikiwa imezimwa, imefunikwa shuka, mwenyewe akidhani anaitunza. Mashine nyingi zilizokufa stoo ziliuawa na betri ambayo ingetolewa kwa dakika kumi.

Betri ikifa bila kuvuja kuna usumbufu wa aina nyingine. Kumbukumbu ikipotea, mashine kama Player's Edge Plus hukataa kuanza mpaka iwekwe chipu maalumu ya kufuta, kisha ya kupanga upya, halafu irudishiwe chipu ya mchezo. Kasino ilikuwa na chipu hizo mikononi mwa fundi wake. Mnunuzi wa mnadani hana. Anabaki na kabati linalowaka taa na kuonyesha namba ya hitilafu, akaamini bodi imeungua.

Ya pili ni chipu za programu zenyewe, za aina ya EPROM. Hizi hutunza mchezo kwa umeme kidogo ulionaswa ndani ya kila seli, na umeme huo hauhifadhiwi milele. Watengenezaji wengi walitaja miaka 10 au zaidi kama muda wa kutegemewa. Nyingi zimeupita muda huo mara mbili au tatu na bado zinasomeka, lakini hakuna dhamana. Juu ya chipu kuna dirisha dogo la kioo, maana hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Ndiyo sababu kibandiko kilicho juu yake si cha jina tu: kikibanduka na bodi ikakaa juani, mchezo unaweza kuharibika kidogo kidogo. Dawa yake ni kuisoma chipu kwa kifaa cha bei nafuu kinachounganishwa na kompyuta, na kuhifadhi nakala. Kifungu cha 117 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinamruhusu mwenye nakala halali ya programu kutengeneza nakala ya akiba. Kuziuza nakala hizo ni suala jingine, na programu hizo bado zina wenyewe.

Kibandiko nacho hakithibitishi kilichomo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ronald Harris, mtaalamu wa kompyuta wa bodi ya udhibiti ya Nevada, alitumia kazi yake ya ukaguzi kupenyeza ndani ya baadhi ya mashine maagizo ya siri yaliyozifanya zilipe pale sarafu zinapodondoshwa kwa mpangilio fulani. Hilo ni tukio la kupindukia, lakini hata bila hila, chipu mbili zenye karata zinazofanana kabisa machoni zinaweza kuwa na malipo tofauti. Katika poka ya jozi ya ghulamu kwenda juu, jedwali linalolipa 9 kwa tatu na mbili na 6 kwa karata tano za rangi moja humrudishia mchezaji asiyekosea asilimia 99.54. Likishuka kuwa 8 na 5, anarudishiwa 97.30. Tofauti yote imo ndani ya chipu moja ndogo kuliko kidole.

Sehemu ya tatu ni kioo. Ni kile kile cha runinga za chogo, chenye tyubu inayopewa volti 20,000 au zaidi. Tyubu hushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, kwa hiyo fundi huanza kwa kuuteremsha: bisibisi bapa yenye mpini mzima, imeunganishwa kwa waya na fremu ya chuma, inaingizwa chini ya kikombe cha mpira kilicho ubavuni mwa tyubu mpaka mlio usikike au usisikike. Asiyejua hatua hiyo asifungue mgongo wa mashine. Kinachochakaa mara nyingi ni kapasita zinazokauka, na dalili zake zinafahamika: picha inapinda pembeni, inatetemeka, au inachukua dakika kadhaa kutulia. Kubadilisha kapasita zote kwa pamoja hurudisha picha katika visa vingi. Tyubu yenyewe ikichoka, au ikiwa imeungua kiasi kwamba kivuli cha karata tano kinaonekana hata mashine ikizimwa, habari ni nyingine, kwa kuwa viwanda vikubwa vya tyubu vilikwisha kufungwa.

Lakini fundi aliyekulia kwenye runinga za chogo Kariakoo au Luthuli ataitambua saketi hii kabla ya vijana wengi waliohitimu ufundi Marekani hivi karibuni. Na tyubu ya runinga ya kawaida, ikilingana kwa ukubwa, shingo na koili, inaweza kuhamishiwa kwenye mashine. Wakarabati wa michezo ya video ya zamani wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Runinga iliyotupwa jalalani inaweza kuwa spea ya mwisho.

Ya nne ni njia ya sarafu, na hii ndiyo yenye hitilafu nyingi zisizo na ugumu. Ndani ya kichujio cha aina inayotumika sana hukaa sarafu moja ya mfano, imebanwa katikati ya koili. Kila sarafu inayodondoshwa hupita jirani na koili na kulinganishwa na ile ya mfano. Ikifanana inaingia, isipofanana inarudishwa. Sasa kasino ikitoa mashine iliyokuwa ya tokeni za dola moja, na mwenye nyumba akaweka robo dola, sarafu zote zitarudi. Wengine hukuta nafasi ya mfano iko tupu kwa sababu kuna aliyejichukulia. Mtu huagiza bodi mpya kwa pesa nyingi, kumbe alipungukiwa na senti 25 mahali pake. Hopa nayo huhesabu sarafu zinazotoka kwa jicho la mwanga. Masizi meusi ya sarafu yakilifunika jicho hilo, mashine hulipa ovyo kisha hujifunga. Kitambaa na spiriti vinatosha.

Kwa anayefikiria kuihamishia Afrika Mashariki au Ghuba kuna jambo la ziada. Mashine za Marekani zilijengwa kwa volti 120 na mzunguko wa hezi 60. Transfoma ya kupunguza volti inapatikana dukani, lakini haibadilishi mzunguko wa hezi 50 wa sehemu nyingi za huko, na mota au transfoma iliyopimwa kwa 60 hupata joto zaidi, na mota huzunguka taratibu.

Kambi tatu za watunzaji

Wenye mashine hizi wanagawanyika wanapofika kwenye swali la nini kibadilishwe.

Kambi ya kwanza hutaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani: tyubu, sarafu, taa za nyuzi, hata harufu ya chuma. Hoja yao ina nguvu. Michoro ya enzi hizo ilichorwa kwa ajili ya tyubu, na rangi zake huchanganyika kwenye nukta za kioo kwa namna ambayo skrini bapa haiigizi vizuri. Sauti ya sarafu zikianguka kwenye bakuli la chuma ilikuwa sehemu ya mchezo. Udhaifu wao ni kwamba wanaahidi kitu kisichowezekana kwa muda mrefu. Kubaki na betri ya asili ni kuilinda sumu, na kubaki na kapasita zilizokauka ni kuhatarisha transfoma ya volti kubwa. Uasilia wa kila kitu una maana ndani ya kabati la kioo la makumbusho, mashine ikiwa imezimwa.

Kambi ya pili hubadilisha kinachochakaa na kuacha mantiki ya mchezo. Tyubu inatoka, skrini bapa inaingia pamoja na kibadilishi cha mawimbi, kwa kuwa bodi za zamani hutoa picha kwa kilohezi 15 na skrini nyingi za kompyuta huanzia 31. Betri inahamishiwa nje ya bodi kwa waya. Taa zinakuwa za LED. Mashine inapungua uzito na joto, na mwenyewe halali akiogopa moto. Hasara yake iko machoni, na kwa mnunuzi wa baadaye. Tena kuna tabia ya kazi kuendelea kupita mahitaji: aliyeanza na skrini hubadilisha vitufe, kisha mlango, mwishowe haijulikani nini kimebaki.

Kambi ya tatu hutoa kila kitu na kuweka kompyuta yenye MAME, programu iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa lengo la kuhifadhi mashine za michezo kwa kuziiga. Inaweza kuendesha michezo ya Player's Edge Plus bila bodi yake. Kwa uhifadhi wa programu hakuna njia bora: chipu iliyosomwa na kuhifadhiwa haiozi tena. Kasoro ni kwamba kazi hii haihitaji kuua mashine nzima, na bado wengi huua. Bodi inayofanya kazi inatupwa ili kabati libebe kitu ambacho kompyuta ya mezani ingekiendesha bila tabu. Kabati likiwa tupu au bodi ikiwa imeliwa kabisa na betri, hapo hakuna wa kulaumiwa.

Kuna pia wanaonunua kama akiba ya fedha. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko zote. Mashine za Fey ni chache na zinarekebishika. Player's Edge Plus zilitengenezwa kwa wingi mno, na zinasubiri spea zile zile zinazopungua. Kununua mnadani mashine isiyowashwa mbele yako ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ana uzito wa karibu kilo mia.

Kamari bila pesa?

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa mafundi. Kwa Mwislamu kamari imetajwa na kukatazwa wazi katika Qur'ani, sura ya tano, na wengi watasema chombo chake hakina nafasi nyumbani hata kikichezwa bure. Wakristo wengi wana msimamo unaokaribiana. Watunzaji hujibu kwamba mwenye ufunguo hachezi kamari: sarafu anayopoteza inaanguka kwenye hopa yake mwenyewe, na jioni anaifungua na kuitia tena mfukoni. Kihesabu wako sahihi. Mtu aliye pande zote mbili za meza hawezi kula wala kuliwa.

Lakini jibu hilo linadhani ubaya wote uko kwenye pesa. Natasha Dow Schüll, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wa miaka mingi Las Vegas, alionyesha katika kitabu chake Addiction by Design cha mwaka 2012 kwamba wachezaji waliozama hawakuwa wakitafuta ushindi. Walitaka mchezo usikatike, wabaki katika hali ya kusahau kila kitu. Kasi ya vitufe, muziki na mpangilio wa kukosa kidogo tu vilibuniwa kulisha hali hiyo. Hayo yote yanabaki ndani ya mashine hata ikiwekwa kwenye mchezo wa bure. Kwa aliyewahi kupona tatizo la kamari, au nyumba yenye kijana ambaye simu yake imejaa mikeka ya kubeti, mashine iliyo sebuleni si pambo tu. Watunzaji hupenda kulipita hili kwa kucheka, na hapo ndipo hoja yao inapopungua.

Upande wa pili, kuna mafunzo ambayo mashine iliyofunguliwa hutoa na mahubiri hayatoi. Kijana akionyeshwa jedwali la malipo, chipu inayolishika na hesabu inayoonyesha kwamba kila raundi nyumba inabaki na sehemu yake, atalielewa dubwi la mtaani vizuri kuliko kwa kuambiwa tu kwamba ni baya. Sharti ni mlango uwe wazi na mashine iwe imefunguliwa, kazi ikiwa kuikagua na si kuicheza.

Mizani

Yakipimwa pamoja, sheria ni kizingiti ambacho mtu anaweza kukijua kabla ya kutoa senti: jimbo gani, mashine ya mwaka gani, inasafirishwaje. Jibu likiwa hapana, mjadala umekwisha. Likiwa ndiyo, uzito unahamia kwenye ufundi na kwenye nyumba yenyewe. Nyumba yenye mtu aliyewahi kunaswa na kamari haihitaji mashine hii, hata kama imetimiza umri wa kisheria.

Kati ya kambi tatu, ya pili ina hoja bora ikijiwekea mpaka. Bodi, chipu na njia ya sarafu ndivyo vinavyoitofautisha mashine hii na skrini yoyote nyingine, kwa hiyo hivyo vitunzwe kama vilivyo. Tyubu iachwe mpaka ife yenyewe, kisha itafutwe ya runinga, na skrini bapa iwe suluhisho la mwisho. Betri isipewe heshima yoyote: itoke siku ya kwanza, kabla hata ya kufuta vumbi. Chipu zisomwe siku ya pili. Kioo na mapambo vinaweza kungoja mwaka mzima bila madhara, ingawa ndivyo karibu kila mmiliki mpya huanza navyo kwa kuwa vinaonekana.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, ambaye sheria, volti na mazingira vyote viko dhidi yake, kuiga kwenye kompyuta kunampa karibu yote yanayohusu historia ya mchezo, bila kabati la kilo mia wala maelezo kwa forodha. Atakosa sarafu na tyubu. Kwa mwenye mashine Marekani anayetaka kuiuza, muhimu ni kilicho ndani ya bahasha anayomkabidhi mnunuzi pamoja na ufunguo: chipu ya kufutia kumbukumbu, sarafu ya mfano na nakala ya programu. Visipokuwepo hivyo vitatu, kilichouzwa ni kabati.